Mbavu Ishirini na Mbili

Aliyeingia nyumbani kwa Mochama pale Suna alipokelewa na bawa la ndege kabla hajapokelewa na mtu. Boriti yake kuu ya alumini ilianzia karibu na mlango ikaishia chini ya dirisha la nyuma, imelazwa juu ya madramu mawili, na kochi lilikuwa limesukumwa hadi ukutani kuipisha. Aliyeketi hapo aliweka magoti upande, na chai yake ilipitishwa chini ya boriti. Hata mchungaji alipokuja kuwaombea, alifumba jicho moja tu. La pili lilichunga kichwa kisigonge chuma.

Mbavu za bawa hilo zilikuwa ishirini na mbili. Mochama alikuwa amezifunga zote mahali pake, akazitoboa matundu ya ribiti, zile pini za kuungia chuma, kisha akazifungua tena moja moja, kwa sababu kazi ya ndege ndivyo ilivyo: huunganishi mpaka kila kipande kimepakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Alumini haipati kutu nyekundu kama bati. Kutu yake ni nyeupe, kama unga wa muhogo, na hapa kwetu hewa ya ziwa huileta upesi.

Nyasuguta, mkewe, hakuwa amezigusa mbavu hizo miaka yote mitatu ambayo Mochama alikuwa akijijengea ndege. Alifagia kandokando yake kama mtu anavyofagia kando ya mbwa wa jirani.

Lakini mwaka huo mambo yalikuwa yamegeuka. Kibanda cha Mochama cha kunyoosha bodi za magari kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na akabaki fundi wa kuitwa na kuachwa. Ndipo Madam Rispa, mkuu wa chuo kimoja cha ufundi kule Homa Bay, aliposikia habari za ndege ya Suna, akaja kujionea. Chuo kilitaka mwalimu wa kazi za alumini. Mwalimu alipewa nyumba, na mshahara wa kila mwezi.

"Shida ni karatasi," alisema Madam Rispa, magoti yake yakiwa upande. "Umefika darasa la nane, Mzee Mochama. Bodi ya chuo haitaki maneno. Lakini kuna mkaguzi wa ndege ninayemjua. Akikagua hizi mbavu na kusaini kwamba kazi ni safi, hiyo sahihi itakuwa cheti chako. Bila hiyo, mimi sina la kusema mbele yao."

Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye ubavu uliokuwa karibu, akakitazama, na akakipangusa kwa leso. Nyasuguta, aliyekuwa amebeba sinia ya chai, aliona kile kidole na ile leso.

*

Jumatano asubuhi pikipiki ilikuwa inapiga honi langoni.

"Mama Nyatichi, naenda Masara," Mochama alimwambia mkewe, akifunga kamba za buti. "Mashine yao ya kusaga mawe ya dhahabu imekatika shingo. Nitarudi Ijumaa."

"Na hizi mbavu zako?"

"Ziache hapo. Nikirudi nitaziosha nizipake. Mkaguzi ni Alhamisi ijayo, tuko na wakati."

"Ziko kijivu kama uso wa mtu amelala njaa."

Mochama alicheka, mkoba wa vyombo begani. "Ndivyo zinatakiwa."

Pikipiki ikaondoka. Nyasuguta akasimama mlangoni akiyarudia maneno hayo. Alikuwa ameishi na mumewe miaka ishirini na minne, na alijua kwamba mwanamume ambaye hajaosha kitu husema ndivyo kinatakiwa. Ndivyo alivyosema juu ya shati lake la kazi. Ndivyo alivyosema juu ya choo.

Na kidole cha Madam Rispa hakikumtoka akilini. Hapa kwetu mwanamke hujulikana kwa sufuria zake. Huzipanga nje kwenye kichanja, migongo ikitazama barabara, na mpita njia akifumba macho kwa mng'aro hujua kwamba humo ndani kuna mtu. Sufuria za Nyasuguta ziliweza kutumika kama kioo cha kunyolea ndevu. Je, mkaguzi wa kutoka Nairobi aje kwake aguse chuma, kisha atafute leso?

Kesho yake, Alhamisi, akatoa mbavu zote nje, mbili mbili, akazipanga juu ya gunia karibu na bomba.

"Wololo!" sauti ya Mama Jacktone, jirani yake, ilivuka ua. "Nyasuguta! Kumbe siku hizi unaosha ndege?"

"Naosha mbavu za bwana yangu."

"Heri yeye. Zangu hakuna mtu amewahi kuosha."

"Kuja basi, nikimaliza hizi nikuanze. Na ulete stilwaya, yangu imeisha."

Mama Jacktone akaja na stilwaya ya kusugulia sufuria, mpya, bado kwenye karatasi. Akaangalia jivu ambalo Nyasuguta alikuwa amechota kwenye jiko, akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya makaa, haina nguvu. Subiri nikuletee ya kuni. Hiyo ya kuni ni kali, inakula hata vidole."

Wakalichanganya jivu na maji mpaka likawa uji, wakazipaka mbavu zote, ndani na nje, na kwenye zile kona ambazo chuma kimekunjwa. Nyasuguta akaziacha juani zilainike, akaenda sokoni na ndizi zake mpaka saa tisa. Aliporudi akaketi chini akasugua. Alisugua mpaka mikono ikapasuka kwenye viungo. Kwenye kona alichokoa jivu kwa njiti ya kiberiti, na njiti zilipovunjika alitumia kucha. Kuna mahali hata kucha haikufika.

Jua lilipokuwa linashuka alizipanga mbavu kwenye ukuta, akarudi nyuma hatua tatu. Alijiona mara ishirini na mbili, amejifunga leso kichwani, anatabasamu.

*

Ijumaa saa saba mchana Mochama alishuka kwenye pikipiki na kabla hajalipa simu ikalia. Ilikuwa ni Madam Rispa. Mkaguzi alikuwa amebadilisha safari. Alhamisi hangeweza. Angekuja Jumapili asubuhi, ama asije tena mpaka mwakani.

"Jumapili hii?" aliuliza Mochama.

"Hii. Uko tayari, sivyo?"

"Niko tayari, Madam."

Hakuwa tayari, lakini hesabu ilikuwa rahisi. Yeye na Nyasuguta ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa, hakuna nyundo wala brashi mpaka lizame tena Jumamosi. Na praima inataka siku nzima na zaidi kukauka. Kwa hiyo ni leo, kabla ya jua kuzama. Mbavu alishazikwaruza kwa msasa mwembamba wiki iliyopita, zikawa kavu na za kijivu, kwa sababu praima inahitaji mahali pa kushika. Zilibaki kuoshwa tu.

Akaingia uani mbio, akasimama.

Mbavu zilikuwa zimepangwa ukutani, na jua la saa saba lilikuwa ndani ya kila moja. Alisogea, akapitisha kucha kwenye chuma. Ikateleza kama juu ya sahani. Alama zote za msasa zilikuwa zimeondoka.

Alijua hapo hapo. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema mengi: alijua.

Nyasuguta alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono nyuma, kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. "Umeona?" aliuliza.

"Naona."

"Nilisema mgeni asije apate aibu kwetu."

"Ulifanya peke yako?"

"Na Mama Jacktone, kidogo."

"Uliosha na nini?"

"Vile naosha sufuria zangu."

Mochama alikuwa amekula kutoka kwenye sufuria hizo miaka ishirini na minne, wala hakujua zinaoshwa kwa kitu gani. Alidhani ni sabuni. Akamwambia amwonyeshe mikono. Nyasuguta akasita, kisha akaitoa, imepasuka, na kwenye nyufa kulikuwa na weusi usiotoka.

Msasa ulikuwa kwenye sanduku, hatua nne kutoka pale. Muda wa kukwaruza upya na kuosha ulikuwepo, ukiwa mchache, kama wote wawili wangefanya bila kuongea. Lakini ili auchukue huo msasa, ilibidi kwanza afungue mdomo. Ilibidi amwambie huyu mwanamke, ambaye kwa miaka mitatu hakuigusa ndege, kwamba siku aliyoigusa ameiharibu.

"Sijawahi kuona alumini iking'aa hivi," alisema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Basi sema vizuri, kwa sauti, Mama Jacktone asikie."

"Sijawahi kuona!" alipaza sauti Mochama, na ng'ambo ya ua mtu akapiga kigelegele.

Akajiambia praima ni nzuri, itashika tu. Kwani Osman wa hadwea, lile duka la vifaa vya ujenzi, hakuisifu? Osman ndiye aliyeiagiza kutoka Nairobi, makopo mawili yaliyokuja na basi, na wakati wa kumkabidhi alimshika mkono. "Mzee, hii si rangi ya geti. Ukimwaga, kupata nyingine ni mwezi mzima." Rangi ya bei hiyo, alijiambia Mochama, haiwezi kushindwa na mng'aro.

*

Walizitundika mbavu kwenye kamba ya nguo kwa nyaya. Mochama alijifunga kitambaa puani, akawasha kompresa aliyoazima, na bunduki ya rangi ikaanza kupuliza. Rangi ilikuwa ya kijani iliyochanganyika na njano, kama usaha wa majani. Nyasuguta alikuwa anageuza kila ubavu kwa ncha ya waya ili asiuguse kwa kidole. Alikuwa amejifunza hilo kwa kutazama tu.

Kila baada ya mbavu tano walipumzisha kompresa, na kimya kikawa kizuri baina yao.

"Kitendawili!" alisema Nyasuguta.

"Tega."

"Nina mgeni. Haketi, halali, chai yangu hanywi, na kochi langu amelichukua."

"Bawa."

"Umejua kwa sababu una hatia."

"Kitendawili!" Mochama alishusha kitambaa. "Nimepaka watoto ishirini na wawili mafuta, hakuna aliyelia."

"Hiyo ni ya mtoto wa nasari. Tega ya watu wazima."

Mochama alifikiri, bunduki ikidondosha tone la kijani kwenye kiatu chake. "Nyumba yangu ina paa, ina mlango, ina jiko la ndani, na wenyewe hatujawahi kuiona."

Nyasuguta akazungusha ubavu, akafikiri. "Jeneza?"

"Jeneza lina jiko? Usinitajie maiti leo."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Migori."

"Migori sitaki, niko nayo. Toa mwingine."

"Chukua Homa Bay. Chukua na ziwa lake na mbu wake."

"Nimechukua. Ni nyumba ya mwalimu, kule chuoni. Madam Rispa anasema mabati yake ni mapya."

Nyasuguta alicheka akaufunika uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na rangi. Tangu kibanda kibomolewe hakuwa amecheka hivyo. Mochama akamwangalia, akawasha kompresa tena, na kama kulikuwa na neno lililobaki kooni mwake, kelele za mashine zikalifunika.

Ubavu wa mwisho ulipakwa jua likiwa juu ya paa la Mama Jacktone. Wakanawa, wakafunga vyombo, wakaingia ndani kuimba.

*

Jumamosi kanisani, wakati wa maombi, Mzee Mogire alisimama mbele. "Tumkumbuke pia ndugu Mochama, anayejenga ndege. Bwana amsaidie asifike mbinguni kabla yetu sisi tunaotembea kwa miguu." Watu walicheka kwa adabu, leso mdomoni. Mochama alicheka nao. Alikuwa amezoea.

Lakini Nyasuguta siku hiyo hakuinamisha kichwa. Baada ya ibada aliwaambia akina mama waziwazi kwamba mwezi ukiisha wao wako Homa Bay, na kwamba nafasi yake ya ndizi sokoni, ile ya kivulini, ameshamwahidi binti wa Mzee Mogire. "Achukue hata Jumatatu," alisema. "Mimi nitakuwa nafunga vitu."

Alasiri, Mochama alizunguka nyuma ya nyumba. Hakwenda kufanya kazi, alikwenda kutazama tu, na kutazama si dhambi. Mbavu zilikuwa zimekauka, zote rangi moja, nzuri kama za picha kwenye kitabu alichojifunzia kazi ya ndege. Kwenye ubavu wa saba, karibu na tundu, aliona kipele kidogo kama dengu. Akakibonyeza kwa kidole. Kikasogea.

Makopo ya praima yalikuwa matupu. Siku ilikuwa Sabato. Akaugeuza ule ubavu, kipele kikatazama ukuta.

*

Mkaguzi aliitwa Nyamongo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na alipoteremka kwenye gari la chuo pamoja na Madam Rispa alisalimia kwa Kigusii. "Bwakire."

"Bwakire mono," Mochama alijibu, na moyo wake ukainuka. Mtu wa kwao! Nyasuguta alitandika kitambaa cheupe mezani. Alikuwa amepika kuku, na chapati zilikuwa zimefunikwa. Mama Jacktone na wengine wapatao kumi walikuwa wameegemea ua, wamevaa kama wa harusi.

Nyamongo hakuwa na haraka wala kiburi. Alichukua ubavu, akaupeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye kingo. "Kingo zote umezilainisha. Hata ndani ya matundu."

"Zikiachwa na meno, ufa unaanzia hapo," alisema Mochama.

"Nani amekufundisha?"

"Nilisoma tu."

Nyamongo akamgeukia Madam Rispa. "Utoboaji huu ni msafi kuliko wa vijana wangu." Madam Rispa akafungua faili, akatoa kalamu. Nyasuguta aliiona kalamu ile, akaingia jikoni akapanga sahani, akatoka tena kwa sababu hakuweza kukaa.

Kisha, kupima kama rangi imeshika, Nyamongo akatoa mfukoni wembe na karatasi ya gundi. Akachora msalaba mdogo kwenye rangi, akabandika karatasi, akaikandamiza kwa dole gumba, akaivuta mara moja.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya ndizi mbivu inapomenywa. Rangi ilitoka yote na karatasi, kipande kikubwa kama kiganja, na chini yake alumini ikang'aa.

Nyamongo alichukua ubavu mwingine akafanya vilevile. Kisha mwingine. Alipofika wa tano Madam Rispa alifunika kalamu. Alipofika wa saba hakuhitaji hata karatasi. Aligusa kipele kwa kucha na rangi ikajikunja yenyewe.

Akamulika tochi kwenye kona, akachokoa kwa pini. Kitu cheusi kikatoka, na chini yake chuma kilikuwa kimelika vishimo vidogo vidogo.

"Nani aliosha hizi?" aliuliza kwa upole.

"Mimi," alisema Mochama.

"Kwa kitu gani?"

"Sabuni."

"Ndugu yangu, sabuni haili alumini namna hii."

Mochama kweli hakujua ni kitu gani kingine. Nyasuguta akatoka mlangoni.

"Ni jivu," alisema. "Jivu ya kuni, na stilwaya. Ni mimi. Yeye alikuwa Masara."

Mtu mmoja kwenye ua alicheka, akanyamazishwa. Nyamongo alivua miwani. "Mama, ulitaka zing'ae?"

"Nilitaka mgeni akigusa asipanguse kidole."

Madam Rispa aliinua macho, akamtazama kana kwamba anatafuta kumbukumbu ya jambo fulani. Hakuipata.

"Nipe wiki mbili," Mochama alisema. "Nitabandua yote. Nitaagiza praima nyingine. Nitapaka upya, wewe mwenyewe utaona."

"Rangi utabandua. Hivi vishimo utavibandua?" Nyamongo alimshika bega. "Jivu liliachwa muda mrefu, limekula kwenye mikunjo, na hapo ndipo ubavu unabeba uzito. Nikisaini, siku moja mtu atapanda. Hewa ya hapa ina maji. Itaingia chini ya rangi, itakula polepole, na hakuna atakayeona mpaka siku hiyo. Wewe ni fundi. Ungesaini?"

Mochama alitazama chini. "Hapana."

"Hilo ndilo linaniuma."

Mochama akamgeukia Madam Rispa. "Madam, utoboaji ameusifu. Si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Lakini bodi inakaa Jumatano, na kuna kijana wa Kisumu ana diploma."

"Amewahi kutengeneza hata ubavu mmoja?"

"Sijui, Mzee Mochama. Ana karatasi."

Nyamongo alifunga lebo nyekundu, ya kukataliwa, kwenye kila ubavu, moja moja, kwa sababu ndiyo kazi yake, na wote walisubiri bila kuketi mpaka amalize ishirini na mbili. Nyasuguta aliwakaribisha chakula. Madam Rispa alisema njia ni ndefu. Alikunywa chai nusu kikombe akiwa amesimama, akashukuru, na gari likaondoka. Watu wa ua wakatawanyika bila kelele. Mama Jacktone ndiye aliyebaki, akisema ndiye aliyeleta jivu la kuni, ndiye, ndiye, mpaka Nyasuguta akamwomba aende nyumbani.

*

Kuku alikuwa bado mezani. Mochama aliketi kwenye kochi, magoti upande. Nyasuguta alisimama ng'ambo ya boriti.

"Baba Nyatichi. Nikuulize."

"Uliza."

"Siku ile ulisema hujawahi kuona alumini iking'aa hivyo. Ilitakiwa ing'ae?"

Mochama alikuwa anakwangua tone la kijani kwenye kiatu chake.

"Nimekuuliza. Ilitakiwa ing'ae?"

"Hapana."

"Ulijua hiyo Ijumaa?"

"Jivu sikujua."

"Sijauliza jivu. Nimeuliza mng'aro."

"Nilijua."

Nyasuguta akashika boriti kwa mikono miwili. "Na ukanyamaza. Ukaniimbia kwa jirani nipigiwe kigelegele."

"Ulikuwa umesimama pale mlangoni, mikono imepasuka. Miaka mitatu hukuigusa. Ningesema nini?"

"Ukanionea huruma."

"Nilifurahi, mama. Nilifurahi tu."

"Ungenifokea!" Sauti yake ilipanda, ikavunjika katikati. "Ungenifokea hapo hapo, Mama Jacktone asikie, soko lote lisikie! Ningenuna Sabato nzima, nisikupikie hata chai. Na leo ungekuwa na kazi! Mimi ni mgeni wako, hata unifichie? Nafasi yangu ya ndizi nimeshatoa, nikijisifu mbele ya watu!"

Mtu akikukasirikia kwa ubaya wako unaweza kujitetea, lakini Mochama alikasirikiwa kwa wema wake, na wema huo ndio ulikuwa umewamaliza.

Nyasuguta akaenda uani. Alirudi na ubavu mmoja na kile kisanduku cha vyombo, akaviweka sakafuni.

"Nionyeshe."

"Hakuna haja sasa."

"Nionyeshe vile ilitakiwa."

Mochama alishuka kwenye kochi. Alibandua rangi iliyolegea kwa kiganja, ikatoka yote. Akachukua msasa mwembamba, akaulowesha, akausukuma kwenye chuma kwa mizunguko midogo, bila nguvu. Akampa yeye. Nyasuguta aliendelea alipoachia, mpaka mng'aro ukaisha na chuma kikarudi kijivu, kikavu, kama alivyokikuta siku ile ya kwanza.

"Hivi tu?"

"Hivi tu. Halafu maji mengi na sabuni, mpaka kwenye kona."

"Nimetumia dakika ngapi?"

"Nne. Labda tano."

Nyasuguta alizihesabu mara ishirini na mbili, midomo ikisogea. Alikuwa anajua hesabu ya soko, hakuhitaji kalamu.

"Ni muda wa maharagwe kuiva," alisema.

Mochama aliinama akaanza kukusanya maganda ya rangi sakafuni. Nyasuguta alitoka, akarudi na ubavu wa pili, lebo nyekundu ikining'inia, akalowesha msasa.

"Acha, mama. Huo hauna kazi tena."

"Najua," alisema, na akaendelea kusugua.